Hapa Pasijengwe

Mwajabu aliingiza kwenye programu ya picha ramani ya nyumba yao ya zamani, aliyoichora marehemu baba yake kwa kompyuta, ili aitie rangi kwa tangazo la mauzo. Matabaka yote ya mistari yakatokea, hata yale ambayo mzee alikuwa ameyaficha. Nje ya mlango wa jikoni palikuwa na kiduara na maneno: "Kigoda cha mama Mwajabu. Hapa pasijengwe."

"Hicho kifute, dada, kinachafua picha," alisema dalali aliyesimama nyuma yake.

"Ngoja kwanza, kaka."

Akazima tabaka la paa. Akazima kuta, milango, madirisha. Kwenye kioo cheupe kikabaki kigoda peke yake, naye akaanza kukitafutia rangi ya mti uliong'aa kwa kukaliwa.