Lenzi ya Tatu

Tunu, mpiga picha wa harusi, aliipanga familia yake mbele ya duka la kamera, akafunga kwenye kamera lenzi ya tatu kati ya zile alizokuwa akizijaribu kabla ya kununua. Ya kwanza, ya kizamani, ilimlainisha mama yake hadi akawa kama moshi. Ya pili, mpya kabisa, haikumsamehe hata kunyanzi moja. Hii ilimwacha Mama alivyo, makunyanzi na nuru yake, tena ilikuwa pana, dada zake Tunu wote wakaenea ndani ya picha.

Mama, ambaye miaka yote picha za nyumbani zilimkata bega, akaanza kujibana.

"Nisogee, mwanangu?"

"Usisogee, Mama!" Tunu alipiga kelele. "Umo! Umo mzima!"

Mama akaitanua kanga yake kama mbawa, na pembeni mwa picha nafasi bado ikabaki.