Nyuma ya Mpole

Mpole alipofika njia panda hakukata kushoto kwenda nyumbani kama kawaida. Alinyoosha moja kwa moja, kuelekea shuleni.

Ng'ambo ya barabara, mshonaji alisimama ghafla mpaka mtu aliyekuwa nyuma akamkumba. Hakuomba radhi. Macho yake yalikuwa kwenye shati la bluu lililokuwa likizama katikati ya watu.

Tangu Mpole atoke gerezani, mshonaji alikuwa amegeuka kivuli chake. Asubuhi alimfuata mpaka kwenye karakana ya samani, ambako Mpole alikuwa akipiga viti msasa. Jioni alisimama kwenye kibanda cha magazeti, akijifanya anasoma, mpaka atoke. Mwenzake wa dukani alishachoka kumpokelea wateja, akamwambia kwamba serikali ina askari, na mtu mmoja hawezi kuwa ukuta. Mshonaji aliitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake akatoka.

Alitoka kwa kuwa hao walinzi wengine aliwajua. Mpole alikuwa amefungwa mara mbili kwa kunajisi watoto, na aliporudi safari hii mtaa mzima ulikutana, ukaapa kuwalinda watoto dhidi yake usiku na mchana. Mmoja alitaka nyumba ichomwe. Mshonaji ndiye aliyesimama kusema kwamba moto hauchagui wa kumla. Watu walimtazama, wakaachana na habari ya moto. Hakimu alikuwa amemkataza Mpole asikaribie shule yoyote, na mwanzoni kila wiki askari alikuja kumkagua.

Kiapo kile kikawa moto wa mabua. Askari alihamishwa. Vijana wa zamu walirudia karata zao. Haukupita muda, watu wakaanza kumwitikia Mpole salamu, maana alikuwa na salamu nzuri. Jina lile hakupewa bure.

Mara ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo. Mtoto wa jirani aliposema alilotendewa, wengi walidai anasingizia, na mshonaji alipaza sauti kuliko wote. Mpole akafungwa, akatoka, watu wakasahau. Kisha akaja mtoto wa pili. Huyo, mshonaji alimwona mwenyewe mahakamani, amekaa kitini miguu haifiki chini, na tangu siku ile hakupata tena usingizi mzima.

Kengele ya shule ilikuwa imelia na watoto walikuwa wakimwagika getini. Mpole alilipita geti, akaenda mpaka mwisho wa ukuta, pale njia inapopinda na watu hupungua. Msichana mdogo alikuwa amechutama peke yake, akihangaika na kiatu. Mpole naye akachutama.

Mshonaji alivuka barabara bila kutazama magari. Ndani ya mkoba, mkono wake ulikuwa umeshika mkasi wa kukatia vitambaa. Alipofika alimkuta Mpole anamuuliza mtoto kama kwao ni mbali.

"Nenda kwenu," mshonaji alimwambia mtoto. "Kimbia, usisimame njiani."

Mtoto alikimbia, kiatu kimoja mkononi.

Mpole aliinuka polepole, akajipangusa magoti. "Nilikuwa namfungia kamba za kiatu tu, mama."

Aliyasema kwa ile sauti yake laini, akitabasamu. Ndivyo alivyotabasamu kizimbani mara ya kwanza, na ya pili. Mshonaji alihisi ubaridi wa chuma kiganjani. Walikuwa wawili tu hapo, hakuna ambaye angeona. Kisha akauachia mkasi, akatoa mkono mkobani.

"Nenda nyumbani," alisema.

Mpole akatii.

Alimfuata mpaka alipomwona ameingia ndani na mlango umerudishwa. Kwenye kona vijana walikuwa wanacheza karata. Mmoja aliinua kichwa akamuuliza kama kuna tatizo. Neno moja lingetosha. Kazi wangeimaliza kabla jua halijatua. Mshonaji alisema hakuna tatizo, akawapita, akaenda kituo cha polisi.

Askari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mgeni pale kituoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Mpole alimgusa yule mtoto. Mshonaji alisema hakusubiri amguse.

"Hata hivyo amevunja amri ya mahakama," askari alisema. "Na huyu si mgeni mahakamani, mama. Safari hii hakimu hatamhurumia. Huenda akazeekea humo ndani."

"Najua."

"Na utatakiwa usimame utoe ushahidi, yeye akikutazama usoni."

"Nitasimama."

Askari alimsogezea kiti. Akauliza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyomuuliza mfiwa. "Mtoto mwenyewe ni wako?"

"Ni wangu. Sina mwingine."

"Pole, mama. Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na minne," mshonaji alisema. "Nendeni sasa hivi. Mtamkuta nyumbani kwangu, anakula."