Mkasi Anapima Kibodi

Mwanamume yule alimwambia afunge macho, aweke vidole kwenye kibodi na aandike jina lake. Mkasi alisita. Jina alilokuja nalo dukani halikuwa lake, na la kweli lilikuwa limeshafika kwenye ncha za vidole.

"Andika tu, dada," mwanamume alisema. "Mkono ukipotea njia kwenye jina lako mwenyewe, hiyo kibodi haikufai."

Mkasi akaandika jina la shangazi yake. Lilitoka na herufi mbili zisizomhusu shangazi hata kidogo. Mwanamume akaifunga laptopu ile na kuisogeza kando kama sahani ya mtu aliyeshiba.

Jina la Mkasi alipewa na wenzake wa makao makuu ya kampuni, na hakulipata kwa kushona. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye maduka ya kampuni akijifanya mteja, ajionee anavyohudumiwa, kisha atume alama kwa simu. Duka likifeli, linafungwa, na alama zikishatumwa hazirudi. Alishayafunga kadhaa, likiwemo alilokuwa akifanyia kazi shemeji yake, ambaye tangu hapo humsalimia kwa nyusi tu. Hili la leo lilikuwa kwenye foleni ya kufungwa, linasubiri neno lake. Mkasi alikuwa amechoka kuitwa mchawi. Alitamani mno, walau mara moja, apeleke habari njema.

Dalili zilikuwa mbaya tangu mlangoni. Kwenye kaunta, msichana mmoja alikuwa akimsimulia mtu kwa simu habari za harusi iliyovunjika, na kwa mwendo wa masimulizi yake, harusi yenyewe ilikuwa bado haijafika hata kufungwa. Mwenzake alikuwa akikunjua nyaya, na alipomwona Mkasi akazidisha bidii ya kukunjua. Meneja alisikika akikohoa nyuma ya mlango wa ofisi, akaishia kukohoa tu, hakutoka. Mkasi alikuwa ameshaanza kunoa makali alipomwona huyu mwanamume wa shati la buluu, amesimama peke yake kwenye meza ya laptopu nyepesi. Akamwambia anatafuta moja ya kazini, ya kusafiri nayo na kuandikia ripoti.

"Unataka nyepesi, yenye kibodi nzuri na betri inayodumu," mwanamume alimjibu. "Yote matatu kwa pamoja hapa hayapo. Tuangalie kasoro ipi utaweza kuivumilia."

Katika miaka yake yote ya uongo, Mkasi hakuwahi kukutana na muuzaji anayeanza na kasoro. Alama za ukweli akampa zote papo hapo, kimoyomoyo.

Mwanamume akamwonyesha namna ya kubonyeza kibodi katikati kwa kidole gumba: ikibonyea kama godoro la zamani, achana nayo. Akamwonyesha laptopu moja maridadi, nyembamba mno, ambayo kitufe chake cha kuzimia kimewekwa jirani na cha kufutia. Alisema aliyeibuni hajawahi kukosea neno maishani mwake, au hajawahi kufanya kazi. Nyingine vitufe vyake vilikuwa vifupi hata kuandika kulikuwa sawa na kugonga meza. Mkasi alicheka, akasahau kwamba anacheka kikazi.

Walipofika kwenye uzito, mwanamume alisema namba zilizobandikwa pale ni za laptopu isiyo na chaja, na hakuna anayesafiri bila chaja. Akachukua laptopu na chaja yake, akavitia vyote kwenye mkoba wa Mkasi, akamtundikia begani na kumwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Mlinzi alikodoa macho. Mkasi akaongeza alama za ubunifu.

Kisha akatega mitego yake ya siku zote. Aliuliza kama anaweza kupunguziwa bei, akajibiwa kwamba hilo mwanamume hawezi kumwahidi, asije akamdanganya. Aliuliza kama ipo nyingine ndani ya boksi, mpya kabisa. Mwanamume akasema mambo ya stoo amuulize yule wa kwenye simu, siku harusi ikiisha. Mkasi alifurahi. Aliwajua wauzaji wengi wanaojitia kujua kila kitu. Huyu alijua mipaka yake na hakumwingilia mwenzake kazi.

"Kwa hiyo nichukue ipi?" aliuliza.

"Ningekuwa nalipa mimi, ningechukua hii ya kijivu. Betri yake ya kawaida, lakini vidole vitakushukuru."

Mkasi akageukia dirishani, akatoa simu na kujaza alama. Kaunta ililiponza duka kidogo, meneja naye akalipunguzia alama, lakini shati la buluu lilifidia yote, na duka likavuka. Akabonyeza "tuma." Machozi yalimlengalenga, akayafuta haraka kabla hayajamwaibisha.

Sasa aliruhusiwa kujitambulisha. Akainua kitambulisho cha kampuni na kuwaita wote. Meneja alitoka akiwa ameshika moyo, msichana akakata simu, wa nyaya akabaki na waya shingoni.

"Duka hili lilikuwa lifungwe," Mkasi alisema. "Halifungwi tena, na alama zimeshakwenda. Mshukuruni huyu kaka. Ameliokoa peke yake."

Walitazamana kwanza. Kisha meneja akamkumbatia mwanamume wa shati la buluu, msichana akamkumbatia, wa nyaya akamkumbatia pamoja na waya wake. Mwanamume aliwaacha wamalize, akajinyoosha kola.

"Hongereni sana," alisema. "Sasa naomba mmoja wenu anihudumie na mimi, maana nimesimama hapa tangu mlipofungua."