Kilindo cha Loisi

Loisi aliitapika dawa yote vumbini, na Matonya akamjazia kata nyingine.

"Kunywa, shemeji. Ikushushe huo mwili."

Akanywa bila ubishi. Ulikuwa mwaka wa vita. Wadachi walikuwa wamezoa nafaka na wanaume, mvua nayo ikagoma, na pale Gulwe watu walibaki mifupa na macho. Loisi peke yake alizidi kunenepa. Uso umejaa, kope zimevimba. Jua linawaka yeye kajifunika ngozi anatetemeka, na usingizi humchukua katikati ya maneno. Mumewe, Kefa, yule ambaye fisi aliondoka na kidole chake kimoja cha mkono wa kuume, alikuwa amechukuliwa upagazi, akamwacha mke mikononi mwa mdogo wake. Sasa Matonya aliona aibu hata kwenda kisimani. Kila jicho lilimuuliza: kwenu mnakula nini?

Mizizi ya dawa hiyo alikuwa ameifuata, pamoja na Loisi, kwa Kuluthumu, mama wa Kirangi aliyeuza dawa karibu na stesheni. Mama yule alimpapasa Loisi shingoni palipotuna, akaisikiliza ile sauti iliyokwaruza, akaguna.

"Hili ni rovu, mwanangu, ugonjwa wa shingo unaovimbisha mwili mzima. Uvimbe huu haukuletwa na chakula. Dawa yangu itamharisha tu, immalize."

"Nipe hivyo hivyo, mama. Nimechoka kusemwa."

Loisi aliharisha mpaka akawa anatambaa, na mwili haukupungua hata kidogo.

Ndipo wazee wakaja, Bartolomayo mbele.

"Matonya, shemeji yako anakula kwa siri. Tukikikuta chakula, anarudi kwao Kibakwe kwa miguu yake."

Kwa hali ile asingefika hata nusu ya njia, na wote walilijua hilo.

"Nitapekua mwenyewe," alisema Matonya, wasije wakadhani anakula naye.

Walipita ukumbini kwake kuelekea chumba cha Kefa, kando ya kilindo chake cha gome la mti kilichokuwa wazi. Kila nyumba ilikuwa nacho, cha mbegu. Baada ya mavuno hufunikwa na kuzibwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na mwenye nyumba hugandamiza kiganja chake juu kingali kibichi, ili mkono mwingine ukifungua ijulikane. Matonya alikivunja chake njaa ilipoanza tu, wakala mbegu yeye na wanawe, mlango umefungwa. Aliinamisha uso, akapita haraka.

Loisi alikuwa amejiburuta mpaka kwenye kitanda chake, akakikumbatia.

"Shemeji, nakusihi, hapa usichimbe. Kefa aliniachia neno."

"Neno gani?"

Akazidi kukikumbatia kitanda, machozi yakimtiririka. Matonya alijua basi, ni kweli. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akamsukuma kando, akavuta kitanda, akachimba kwa hasira. Jembe likagonga gome la mti.

"Kilindo!" wanawake wakapiga yowe mlangoni. "Watoto wetu wanakufa, naye kafukia mtama!"

"Kifungue, tuone alichobakiza," alisema Bartolomayo.

Matonya akapiga magoti, akaufagia udongo kwa mikono. Kinyesi juu ya kifuniko kilikuwa kimekauka, hakina ufa hata mmoja. Katikati yake palikuwa na alama ya mkono wa kuume, wenye vidole vinne.