Mbonea Atafsiri Maneno ya Mkewe

Mbonea alipomwona mkewe ukutani, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, kipaza sauti kilitaka kumponyoka.

Lilikuwa tamasha la filamu za wananchi wanaodai haki zao, na kituo cha sanaa pale Same kilimpa kazi ya kuwatafsiria wageni Kipare. Hakuna aliyemwambia kwamba na mkewe alirekodiwa.

Katika filamu, mkewe alisimama kando ya ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba, tope hadi magotini. Alizungusha pindo la khanga kidoleni, kama afanyavyo kila akitaka kusema jambo zito. Akalisema. Wapare ukumbini wakaangua kicheko.

"Anasemaje?" akauliza mgeni rasmi, tajiri aliyeuziwa shamba la mkonge la serikali. Mbonea alikuwa mlinzi wake.

"Anawasalimu, bosi."

"Salamu ndefu hizo, shemeji!" akina mama wakamtania.

Mkewe, aliyekaa katikati yao, hakucheka. Alimtazama tu kwa huruma, kama anavyomtazama akiwa na homa.

Mbonea akakohoa. "Anasema tangu shamba liuzwe, maji ya ndiva yanageuzwa yaende kwenye mitambo ya mkonge. Anasema mumewe anajua, ila ni mwoga. Anasema ni mwanamume mzuri, hajutii kuolewa naye, lakini akiendelea kunyamaza watoto watakula mawe."

Tajiri akageuka kitini. "Huyo mume ni nani?"

"Ni mimi, bosi."