Zulia Jeupe na Mkojo wa Paka

Mwanakheri alikuwa amepiga magoti sebuleni, akigandamiza kitambaa chenye siki juu ya mkojo wa paka. Zulia lilikuwa jeupe, na watoto wake walikuwa wakichungulia mlangoni tu, maana tangu liletwe hawakuruhusiwa kulikanyaga.

"Sugua kwa nguvu!" mumewe alisema kutoka kwenye kochi. "Wageni wangu wasije wakakuta harufu."

"Nikisugua ndiyo unazidi kuzama, Baba Rukia. Nimeshakwambia."

"Huyo paka leo namtia kwenye gunia, nikamtupe mbali."

Mwanakheri alikitupa kitambaa ukutani. "Inuka."

"Unasemaje?"

"Inuka, nimesema!"

Aliisukuma meza, akaishika ncha ya zulia na kulikunja kwa hasira, vumbi likitimka, mpaka sakafu nyekundu ya saruji ikaonekana yote. Akalipiga teke lile furushi mpaka miguuni pa mumewe.

"Haya, lete hilo gunia," alisema akihema. "Tia hili."

Watoto walimtazama baba, wakamtazama mama. Kisha yule mdogo akaweka mguu mmoja ndani ya sebule.