Askari wa Geti

"Wewe ni askari," alisema arbab, tajiri aliyemwajiri Shomari. "Nichagulie."

Bunduki mbili zililala juu ya kaunta. Shomari, dereva wake, alihisi jasho likimtiririka mgongoni, ingawa duka lilikuwa na baridi. Alipoajiriwa hapa Dubai aliulizwa kazi aliyokuwa akifanya Tanga, akajibu, "Askari." Kwa Kiarabu neno hilo ni mwanajeshi. Yeye alilinda geti la shule kwa rungu na tochi. Miaka miwili sasa, alikuwa hajamsahihisha mtu.

Akainyanyua ya kwanza. Ilikuwa nzito na bei yake ilikaribia ya gari. Ya pili ilikuwa nyembamba, kitako chake cha mti mtupu, ikamkaa kiganjani bila usumbufu.

"Hiyo risasi zake ni ndogo na bei nafuu," alisema muuzaji, Mkenya. "Haipigi bega. Wateja hulenga karatasi nayo mchana kutwa."

"Yalla, ipi?" arbab akauliza. "Kisha uijaribu, nikuone."

Shomari akairudisha bunduki kwenye kaunta. "Arbab, nilikuwa mlinzi wa geti. Bunduki nimeishika leo kwa mara ya kwanza. Lakini kama ni kutoboa karatasi, hiyo kubwa ni kuchinja kuku kwa shoka."

"Mlinzi?"

"Wa rungu, arbab."

Muuzaji akageukia ukutani asionekane anacheka.

Arbab akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Alhamdulillahi. Na mimi sijawahi kufyatua hata moja. Nilikuwa naona haya mbele yako."